Kitambaa cha Njano Ukingoni mwa Longonot

Mwezi uliopita nilirudi Longonot na binti yangu, na mlima ukatupokea kwa tabia yake ya zamani: ukajifunika. Tulitoka Nakuru asubuhi mbingu ikiwa safi, na hata tulipopita Gilgil jua bado lilikuwa linatuchekea. Kufika getini, wingu lilikuwa limeukalia mlima vibaya, upande mmoja umefunikwa na mwingine uko wazi. Askari wa getini alituangalia sisi, akaangalia juu, akaniambia, "Mathe, huko leo ni baridi. Mkiona imekuwa mbaya, rudini tu." Binti yangu ana miaka kumi na miwili na anajua kila kitu, kwa hiyo alikuwa ameshaanza kutembea.

Kabla ya kumfuata nilifungua mkoba kuhakikisha kitambaa kipo. Ni kitambaa cha kichwa, cha njano, ingawa siku hizi unjano wake umepauka, na pindo moja limeshonwa kwa uzi wa kijani kwa sababu siku lilipochanika uzi wa kijani ndio uliokuwa nyumbani. Lazima nikueleze habari zake, la sivyo utashangaa ni kwa nini mtu mzima anapanda mlima akiwa amebeba kitambaa cha marehemu.

Nililelewa na nyanya yangu kwenye shamba dogo lililo kati ya reli na mlima. Kusema shamba ni heshima tu. Mahindi yetu yalikomaa mwaka mmoja na kukata tamaa mwaka uliofuata, na udongo wenyewe ni jivu la mlima, mwepesi, kiasi kwamba upepo wa saa nane mchana ulikuwa ukiuhamisha kutoka kwetu kwenda kwa jirani bila kuomba ruhusa. Vumbi hilo tulilila kwenye ugali, tukalilalia, tukaenda nalo kanisani. Nikiisikia harufu yake leo, hasa likiguswa na matone ya kwanza ya mvua, moyo wangu hurudi kwenye miaka kumi na mmoja papo hapo.

Asubuhi zetu zilikuwa za kazi. Kuna kuteka maji, kuna kufagia kiwanja, na mara mbili kwa wiki kuna kuni. Nyanya alipenda leleshwa, kile kichaka chenye majani ya kijivu na harufu kali, kwa sababu kuni zake zinashika moto haraka na moshi wake unafukuza mbu. Nguo zetu zote zilinukia leleshwa. Shuleni watoto wa nyumba za kituo cha reli, ambao kwao kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, waliweza kututambua wakiwa wamefumba macho.

Halafu kulikuwa na sufuria. Pale kwetu nyumba zilikuwa mbalimbali na watoto tulikuwa tunazurura, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mlio wake wa kuita watoto kula. Jirani yetu alipiga filimbi. Nyanya yangu alishika mfuniko wa sufuria kubwa ya githeri akaugonga kwa mwiko: tatu za haraka, anatulia, halafu moja. Pa-pa-pa. Pa. Mlio huo ulivuka reli, na ukinikuta kwenye mchezo, wenzangu wote walianza kucheka na kuniambia ng'ombe ameitwa zizini. Nilimwomba nyanya mara nyingi aniite kwa jina tu kama watu wa kawaida. Alinijibu kwamba jina linachoka njiani, sufuria haichoki.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa jiografia aliamua kutupeleka kuzunguka mlima. Wengi wetu tulikuwa tumezaliwa chini yake na hatukuwa tumewahi kufika juu. Yeye alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa sauti ya chini, na alisema ni aibu kufundisha habari za volkano kwa chaki wakati volkano yenyewe inachungulia dirishani. Wazazi wengine walinung'unika. Mwishowe walikubali, na tarehe ikawekwa, Jumamosi.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Tungetembea mstari mmoja, yeye akiwa kichwa, na kila mtu awe na namba. Akipaza sauti akisema "hesabu", kila mmoja anataja namba yake mpaka mwisho, na wa mwisho anasema "mkia". Mkia nilikuwa mimi. Alinichagua kwa sababu nilikuwa mtulivu, au ndivyo alivyodhani, na kwa sababu nyanya yangu aliujua mlima kuliko mtu yeyote pale kijijini, baada ya kuutafutia kuni miaka mingi kabla ya geti kuwekwa.

Nyanya alipopata habari alifungua sanduku lake akatoa kitambaa cha njano, kile cha Jumapili. Alikuja hadi shuleni akamweleza mwalimu mbele yetu sote. Ukipanda kutoka chini, alisema, njia inakufikisha ukingoni mwa shimo, na kutoka hapo unazunguka ukingo wote mpaka urudi palepale uteremke. Hakuna shida kukiwa na jua. Lakini wingu likishuka, ukingo wote unafanana, na unaweza kupita mdomo wa njia ya kushuka bila kuuona, ukaanza mzunguko wa pili ukidhani bado uko kwenye wa kwanza. Wakati wao, wanawake walikuwa wanafunga kitambaa mtini pale kwenye mdomo wa njia, na aliyekuwa wa mwisho ndiye aliyekifunga. Mwalimu alimshukuru, akatuambia tumesikia, mkia atafunga kitambaa.

Sasa sikiliza nilichofanya. Tulifika ukingoni asubuhi, tukihema, miguu yote ni vumbi mpaka magotini. Shimo likatufungukia ghafla, pana na la kijani, na msitu mzima umelala chini kabisa. Wenzangu wakapiga kelele kusikia sauti zao zikirudi. Upepo wa pale ulikuwa mkali na sweta yangu ilikuwa na matundu kwenye viwiko. Nilikitoa kitambaa, nikakiangalia. Kilikuwa kinanukia nyanya, sabuni ya mche na leleshwa. Nikakiona akilini kikipeperuka kikachanika, nikamwona nyanya akienda kanisani kichwa wazi. Nikajiambia mahali penyewe nimepaona vizuri, kuna kichaka kilichoinama na jiwe jeusi, nitapakumbuka. Nikajifunga kitambaa shingoni, ndani ya sweta, nikavuta kola juu.

Mwalimu aliniuliza kutoka mbele, "Mkia, umefunga?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mwalimu."

Akaamini, tukaondoka, shimo likiwa mkono wa kushoto.

Saa mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Tulikaa kwenye mawe fulani mwanzo mwanzo tu wa safari, tukala viazi vitamu vya kuchemsha na kutupa maganda palepale, jambo ambalo leo binti yangu angeniandikia barua ya malalamiko. Tuliliona ziwa la Naivasha likiwa mbali na dogo. Tuliiona treni ya mizigo ikijivuta huko chini kwenye reli yetu. Kisha ukingo ukaanza kupanda kuelekea kileleni, ukawa mwembamba, mahali pengine hauzidi upana wa dawati, shimo huku na bonde huku. Sehemu ya mwisho tuliparamia kwa mikono na magoti, tukishika mawe na mizizi, kila mtu akimwonya wa nyuma yake ni jiwe gani linacheza.

Tukiwa kileleni mwalimu aliacha kuzungumza katikati ya sentensi. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwa, si juu, bali kimo chetu. Alitusimamisha mstari mara moja, tukaanza kuteremka upande wa pili. Hatukufika mbali. Ilianza mvua ya mawe, mawe madogo ya kuuma masikio, halafu mvua yenyewe, na lile jivu tulilolila tangu utotoni likageuka utelezi. Tulishuka kwa matako. Wakati mwingine nilikuwa ninamsikia aliye mbele yangu bila kumwona. Mwalimu alikuwa akipaza sauti, hesabu, na namba zikaanza kuja moja moja kutoka ndani ya ukungu, nyingine zikilia, mpaka zinifikie mimi niseme mkia. Nilisema mkia kwa sauti kubwa kuliko zote. Nadhani nilikuwa ninajaribu kulipia kosa.

Kwa sababu baada ya hapo mwalimu alisema maneno ambayo bado nayasikia. Alisema tusiogope, tutembee taratibu, kila mtu atazame upande wa kulia, tutafute kitambaa cha njano. Tukikiona tumefika. Na watoto wote waliokuwa mbele yangu, wamelowa, wanatetemeka, wakaanza kutafuta kitambaa kilichokuwa shingoni mwangu.

Ungeniuliza leo kwa nini sikusema hapo hapo, ningekwambia kwamba uongo ulikuwa umeshakuwa mzito. Kila hatua niliyoinyamazia iliufanya mzito zaidi. Nilitafuta kichaka changu kilichoinama na jiwe langu jeusi. Vichaka vyote vilikuwa vimeinama. Mawe yote yalikuwa meusi. Tukatembea, tukatembea, na deskimeti wangu, mwenzangu wa dawati moja, aliyekuwa mbele yangu akaanza kusema labda upepo umekiondoa. Nikasema labda. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili.

Halafu nikakanyaga kitu laini. Nikainama. Lilikuwa ganda la kiazi kitamu. Nikapapasa, nikapata lingine, na jingine, yamelowa na kubandika kwenye yale mawe tuliyokalia asubuhi. Tulikuwa tumepita mdomo wa njia. Tulikuwa tumeanza mzunguko wa pili, tunaelekea tena kule kwembamba, na mwalimu aliyekuwa mbele hakujua. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na hofu hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo. Nilipiga kelele asimame, tumepita, haya ni maganda yetu.

Mstari ukasimama. Mwalimu akarudi nyuma akiwashika watoto mabega mmoja mmoja, akachuchumaa, akayashika yale maganda mkononi.  Kabla hajainuka, kutoka tulikotoka, kwa mbali, ikaja: pa-pa-pa. Pa.

Hakuna aliyecheka. Deskimeti wangu ndiye aliyesema kwa sauti ya kilio, "Ni shosho yako. Ni sufuria yenu."

Tukageuka, mkia nikawa kichwa. Nilitembea mbele nikifuata mlio ule, mkono wangu wa kulia ukigusa mwinuko wa ukingo, na kila uliponyamaza nilisimama, na kila mara ulirudi. Nyanya tulimkuta ameketi kwenye mdomo wa njia, kwenye jiwe jeusi, gunia kichwani, mfuniko wa sufuria mapajani. Alikuwa ameona mlima ukijifunika akiwa anapalilia. Akaacha jembe palepale. Alipofika juu, sisi tukiwa tumeshapita, alitafuta kitambaa, asikione. Kwa hiyo akakaa yeye.

Mwalimu aliita hesabu, tukawa wote. Nyanya akaniangalia. Ncha ya njano ilikuwa imetokeza kwenye kola yangu. Alinyoosha mkono nikajua ni kofi, nikafumba macho. Akakivuta kile kitambaa, akakikamua, akanifunga kichwani, fundo chini ya kidevu, akakaza mpaka masikio yakauma. Wengine, kwenye ukungu ule, wakadhani amekuja nacho yeye. Tukashuka.

Jioni nilikaa karibu na moto wa leleshwa nikiwa nimejifunika blanketi, kikombe cha chai ya tangawizi mikononi. Nililia, nikamwambia yote. Alisikiliza huku akigeuza sweta yangu kwenye kamba. Hakunigombeza. Alisema, "Jumatatu wazazi watamlaumu mwalimu. Wewe ndiye unajua." Akaenda kulala, akaniacha na maneno hayo.

Na kweli walimlaumu. Jumatatu wazazi walijaa kwenye uwanja wa shule, na mwalimu akasimama mbele yao, mrefu na mwembamba, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyekuwa na watoto. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba hakutakuwa na safari nyingine. Nyanya alikuwa nyuma kabisa, amevaa kitambaa chake cha njano, hakunitazama hata mara moja.  Niliinua mkono kama tuko darasani, na mwalimu mkuu, kwa mazoea tu, akanipa ruhusa.

"Kitambaa sikukifunga," nilisema. "Nilikivaa. Nikamdanganya mwalimu."

 Mwalimu alinitazama. Nilitegemea hasira na sikuiona. Aliwaambia wazazi kwamba hata hivyo yeye ndiye aliyepaswa kugeuka nyuma aone kwa macho yake. Mzazi mmoja akacheka, si kwa ubaya, mwingine akasema huyu mtoto apewe hata uji. Ndipo nyanya akapaza sauti kutoka nyuma kwamba safari ziendelee, yeye mwenyewe atakuwa anakaa pale juu na sufuria yake mpaka mtoto wa mwisho ashuke. Walijadiliana, wakabishana, na mwisho wakakubali.

Mwaka uliofuata tulipanda tena. Mwalimu alisoma majina na namba, akafika mwisho, akanitazama akasema mkia ni yuleyule. Hakueleza sababu. Nimepewa vyeo kadhaa tangu wakati ule, hakuna hata kimoja kilichonifanya nisimame wima namna ile. Nilifunga kitambaa mafundo matatu, nikamwita aje akivute mwenyewe.

Mwalimu alihamishwa baadaye, na aliyekuja baada yake alipendelea chaki. Nyanya alifariki nikiwa chuoni. Shamba liliuzwa, na penye kiwanja chetu leo kuna ukuta wa mawe na lango jeusi. Watoto wa kule wanaitwa kula kwa simu. Ziwa tulilokuwa tukiliona dogo kutoka juu limeingia mpaka kwenye nyumba za watu mtaani Kihoto. Wapanda mlima siku hizi wanashuka mbio, wakimbilie nyama ya kuchoma kule Kikopey kabla jioni haijaingia. Sufuria sijui ilikwenda wapi. Nilibaki na kitambaa.

Haya yote nilimsimulia binti yangu tukiwa tunapanda, na alisikiliza vizuri kuliko kawaida yake. Tulipofika ukingoni nilikifunga mwenyewe kwenye kichaka kando ya njia. Siku hizi kuna kibao hapo, lakini ni kifupi na rangi yake imekwisha, kwenye ukungu unaweza kukipita. Nikatangulia, yeye akafuata.

Mvua ilitukuta kileleni, kama zamani, ila haikuwa na mawe. Tuliteremka tumeshikana mikono, tukateleza, tukacheka, kisha ukungu ukafunga na tukaacha kucheka. Nilianza kutazama kulia. Nilitafuta njano kwa macho ya miaka kumi na mmoja. Sikuiona. Tukatembea zaidi, sikuiona. Halafu nikagonga kitu kwa goti. Kilikuwa kile kibao. Kichaka kilikuwa kando yake, kitupu.

Nikageuka. Binti yangu alikuwa amesimama hapo mvua ikimtiririka puani, na kwenye kola ya jaketi lake kulikuwa na ncha ya njano.

"Ilikuwa inalowa, mum," alisema. "Na ni ya shosho yako. Ingepotea."

Alikuwa amekifungua nyuma ya mgongo wangu, dakika moja baada ya kusikia kisa chote. Na mimi sikugeuka kuangalia. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikasikia kicheko na machozi vikija pamoja. Nilinyoosha mkono, akafumba macho. Nikakivuta, nikakikamua, nikamfunga kichwani, fundo chini ya kidevu, nikakaza mpaka akalalamika masikio.

Nilitaka tushuke mara moja. Ila kutoka ndani ya ukungu tulisikia sauti za watu, vijana waliotupita asubuhi, wakiulizana kama wameshapita njia au bado. Mmoja alikuwa karibu kulia. Binti yangu akanitazama.

"Si tungoje?" akasema. "Si hata shosho alikaa?"

Akaketi juu ya lile jiwe jeusi, kitambaa kichwani, akatoa chupa yake ya chuma ya maji na kuokota kijiwe. Sikuwa nimemfundisha, nilikuwa nimemsimulia tu. Alipiga tatu za haraka, akatulia, halafu moja. Sauti za vijana zikanyamaza, kisha zikaanza kuja upande wetu, na tulikaa pale kwenye mvua mpaka wa mwisho wao akashuka.